Jazi Ndani ya Santuri



Kiangazi kilichopita, katika harusi moja ya watu wetu hapa Uingereza, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo alinijia nilipokuwa nimekaa na sahani yangu ya biriani. Akaniamkia, nikamwitikia. Kisha akaniambia, "Ami, nasikia una santuri nyingi za jazi. Nataka kuujua muziki huo tangu asili yake. Nianze na ipi?" Nikamjibu upesi upesi aanze na Kind of Blue ya Miles Davis, kama anavyojibiwa kila anayeuliza swali hilo, nikarudi kwenye biriani. Usiku ule, njiani kurudi nyumbani, nikaona nimemjibu kivivu. Si kwamba santuri hiyo ni mbaya, la hasha. Ila kijana aliuliza habari ya asili, nami nikampa kinachopendwa na wengi. Haya ninayoandika leo ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Historia ya jazi imezoea kusimuliwa kwa santuri. Vitabu vingi vinapanda ngazi moja: mwaka 1917, kisha 1928, kisha 1945, kisha 1959, na katika kila kipandio pamewekwa santuri maarufu. Filamu ndefu ya Ken Burns, iliyoonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2001 katika sehemu kumi, ilipanda ngazi hiyohiyo. Ilipofika mwaka 1961 ikachoka. Miaka arubaini iliyobaki ikabanwa yote katika sehemu ya mwisho. Mtazamaji anaondoka na fikra kwamba jazi ni kabati la vyombo vya thamani, vimepangwa, vimefutwa vumbi, na kabati limefungwa.

Hapo ndipo ninapokataa. Roho ya jazi ni kubuni papo hapo. Mpigaji wa kweli hapigi leo kama alivyopiga jana. Santuri nayo ni kitu kilichoganda, inasema neno lilelile kila ukiiweka sindano. Kwa hiyo kila santuri ya jazi ina mambo mawili ndani yake: kile kilichoingia, na kile kilichobaki nje kwa sababu ya chombo, ya muda, ya fedha, au ya rangi ya mtu. Anayesikiliza la kwanza tu atajua majina na tarehe, lakini muziki wenyewe utampita.

Aliyerekodiwa kwanza

Santuri ya kwanza ya jazi ilirekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917 na bendi iliyoitwa Original Dixieland Jass Band. Wakati huo hata neno lenyewe lilikuwa halijatulia. Waliliandika kwa herufi s mbili. Wapigaji walikuwa Wazungu watano kutoka New Orleans. Upande uliopata sifa zaidi, Livery Stable Blues, una vyombo vinavyoiga sauti za wanyama wa zizini, na watu waliinunua kwa wingi, pengine kwa ajili ya kichekesho hicho. Nick LaRocca, mpiga koneti wa bendi hiyo, baadaye alidai kwamba wao ndio walioianzisha jazi. Hoja yake iliegemea hapo hapo: santuri yetu ndiyo ya mwanzo.

Sasa mtazame Buddy Bolden. Alikuwa mtu mweusi wa New Orleans, mpiga koneti, na wanamuziki waliomsikia walisimulia hadi uzeeni jinsi alivyovuma miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, zaidi ya miaka kumi kabla ya santuri ile ya 1917. Mwaka 1907 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1931. Hakuna santuri hata moja ya Bolden iliyobaki. Tunayo picha moja ya bendi yake, na masimulizi. Basi ngazi yetu inaanzia kwa waliofuata, na aliyetangulia yumo katika hadithi tu.

Ndiyo maana santuri ninayoiheshimu zaidi katika kundi hili la mwanzo ni zile za King Oliver na Creole Jazz Band, zilizorekodiwa kuanzia Aprili 1923 katika mji wa Richmond, jimbo la Indiana. Hizi ndizo zilizotupa kwa upana sauti ya wenye muziki wao. Lakini hata hapa chombo kilikata. Hapakuwa na maikrofoni. Wapigaji walisimama mbele ya pembe kubwa iliyokusanya sauti na kuitikisa sindano. Baby Dodds hakuweza kupiga ngoma zake zote, maana mshindo ungeirusha sindano. Mara nyingi unachosikia ni vigongo vya mbao. Kijana Louis Armstrong, aliyekuwa koneti ya pili, ilibidi asimame nyuma ya wenzake kwa sababu sauti yake iliwafunika. Na reli ilipita karibu na chumba chenyewe, hivyo treni ikija kazi inasimama. Mtu asemaye kwamba santuri hizo zina sauti mbovu hajakosea, lakini ubovu ni wa pembe, si wa bendi.

Dakika tatu

Santuri za zamani zilikuwa na dakika tatu hivi kila upande. Mtu angedhani hilo lingeiua jazi. Kwa Armstrong likafanya kinyume chake.

Tarehe 28 Juni 1928, mjini Chicago, Armstrong alirekodi West End Blues, wimbo wa yule yule Oliver aliyekuwa mwalimu wake. Anaanza peke yake. Kwa sekunde kumi na mbili hivi tarumbeta inapanda, inashuka, inajipinda, bila mdundo nyuma yake na bila wa kumwitikia. Sisi tuliokulia kwenye taarabu hatuhitaji mtu wa kutufafanulia jambo hilo. Ni taksimu. Ni kama mpiga kanuni anapotanguliza peke yake ili sikio lijue linapelekwa wapi. Kisha bendi inaingia taratibu, tromboni inachukua zamu, klarineti na sauti ya Armstrong zinajibizana bila maneno, Earl Hines anapiga piano kama mtu anayemimina lulu kwenye sinia, na mwishoni tarumbeta inarudi na sauti moja tu, ya juu, inashikiliwa na kushikiliwa mpaka pumzi ya msikilizaji ndiyo inayokatika kwanza. Haya yote katika dakika tatu na sekunde chache. Hakuna kilichopungua, wala kilichozidi. Kama kuna santuri moja ninayoweza kuiita kamili, ni hii.

Mwaka huohuo wa 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Sitaki kusema kwamba taarabu na jazi ni ndugu wa tumbo moja, maana si kweli. Ninachosema ni kwamba walikutana na chombo kilekile na saa ileile. Wimbo ambao barazani ungeendelea mpaka watu watosheke, kwenye santuri ulipaswa kuingia katika upande mmoja. Wazee wetu waliomjua Siti kwa santuri na wale waliomsikia kwa macho na masikio yao hawakumjua mtu mmoja. Lakini bila zile santuri, wengi wetu tusingemjua kabisa. Fadhila na hasara zimetoka mlango mmoja.

Duke Ellington aligombana na dakika hizo tatu maisha yake yote. Mwaka 1935, baada ya kufiwa na mama yake, alitunga Reminiscing in Tempo, akaieneza katika pande nne za santuri. Msiba haukutosha katika upande mmoja. Msikilizaji wa wakati ule alilazimika kuinuka, kugeuza, kubadilisha, na kukaa tena, huku muziki ukimngoja. Wakosoaji wengi walimshambulia, wakaona mpiga dansi anajikweza. Leo tunaisikia bila kukatika, na tunaona kosa halikuwa la kazi yenyewe. Ilikuja kabla ya chombo chake.

Miaka ya kimya

Tarehe 1 Agosti 1942, chama cha wanamuziki cha Marekani kiliwakataza wanachama wake kurekodi kwa makampuni ya santuri, kikidai malipo kwa sababu santuri na redio zilikuwa zinawanyima wapigaji kazi. Mgomo huo ulidumu kwa makampuni makubwa mpaka Novemba 1944. Dai lao lilikuwa la haki. Lakini tazama kilichopotea: miaka hiyohiyo ndiyo vijana kama Charlie Parker, Dizzy Gillespie na Thelonious Monk walipokuwa wakiivunja jazi na kuiunda upya katika vilabu vya Harlem, Minton's Playhouse kikiwa maarufu zaidi. Kazi hiyo iliendelea usiku baada ya usiku, na ni kidogo mno kilichoingia kwenye sahani.

Basi Parker aliporekodi Ko-Ko tarehe 26 Novemba 1945, watu waliona kama radi katika anga kavu. Saksafoni inakimbia kwa kasi ambayo sikio la kwanza haliifuati. Ndani yake kuna mifupa ya wimbo wa zamani uliopendwa, Cherokee, lakini nyama yote imebadilishwa. Mashabiki wa zamani wakasema jazi imeharibiwa na watoto. Sikubaliani nao, lakini nawaelewa. Walikuwa wameonyeshwa mtoto aliyekwisha ota ndevu bila kuuona utoto wake. Mara nyingi tunalaumu mabadiliko kwa kuwa ghafla, kumbe sisi ndio hatukuwapo yalipokuwa yakija polepole. Wasomaji waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi watanielewa.

Upande mrefu

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu, yenye dakika ishirini na zaidi kila upande. Hapo jazi ikapata chumba cha kukaa. Ushahidi bora ni wa Ellington yuleyule. Mwaka 1937 alirekodi Diminuendo and Crescendo in Blue katika pande mbili fupi. Tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la Newport, aliipiga tena, na katikati yake akamwachia Paul Gonsalves saksafoni. Gonsalves akazunguka mara ishirini na saba. Watu wakainuka kwenye viti wakacheza. Ellington, ambaye wengi walikuwa wamekwisha mzika, akarudi juu kwa usiku mmoja.

Lakini santuri iliyouzwa baada ya hapo haikuwa kweli tupu. Gonsalves alikuwa amepiga mbele ya maikrofoni isiyo ya kampuni, ilikuwa ya redio ya Sauti ya Amerika, kwa hiyo kwenye santuri alisikika kwa mbali. Sehemu nyingine kubwa za onyesho zilipigwa upya studioni, kisha zikatiwa makofi. Ukanda wa redio ulipopatikana baadaye, pande mbili ziliunganishwa, na mwaka 1999 onyesho halisi likatolewa. Kwa zaidi ya miaka arubaini watu walipenda kitu ambacho nusu yake hakikutokea jukwaani. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Hata Kind of Blue ina siri ya namna hiyo. Ilirekodiwa kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika jengo la New York lililokuwa kanisa. Siku ya kwanza mashine ya kurekodi ilikwenda polepole kidogo, hivyo upande wa kwanza wa santuri ukawa unasikika juu kuliko ulivyopigwa. Kosa hilo lilisahihishwa miaka ya 1990. Vijana wengi waliojifunza muziki kwa kuifuatiliza santuri hiyo walikuwa wakijiuliza kwa nini vyombo vyao havilingani nayo.

Uzuri wake ni upi? Kabla yake, mpigaji alikuwa anarukia sauti moja baada ya nyingine kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Katika So What, Miles anakaa kwenye ngazi moja ya sauti kwa muda mrefu, anapanda nusu hatua, kisha anarejea alipotoka. Hapa tena mtu wa taarabu yuko kwao, maana maqamu ndivyo inavyokaliwa: huna haraka ya kuhama, unaichunguza nyumba chumba kwa chumba. Sifa hiyo naikubali. Lawama yangu ni kwa sisi wasikilizaji. Utulivu wake umetufanya tuigeuze kuwa muziki wa mikahawa. Santuri iliyouzwa zaidi ya milioni tano Marekani peke yake imekuwa kwa wengi mwanzo na mwisho wa jazi, na anayeishia hapo ataamini kwamba muziki huu haujawahi kukasirika.

Kiswahili kinaingia

Novemba 1960, mwaka ambao nchi kumi na saba za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston aliwakusanya New York wapigaji wengi akarekodi Uhuru Afrika. Melba Liston alipanga muziki, mshairi Langston Hughes akaandika maneno. Na santuri inaanza kwa ngoma na sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisema kwa Kiswahili. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mwaka mmoja na zaidi kabla ya kupandisha bendera yake. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isiyo ya mkoloni, tena inayosemwa katika nchi nyingi, akaichagua yetu.

Si santuri isiyo na doa. Sehemu ya pili, African Lady, inaimbwa kwa mtindo wa jukwaa la opera, na kwa sikio langu inaelemea. Lakini sehemu ya tatu, Bantu, ambapo ngoma za Nigeria, za Kuba na za Marekani zinakutana, ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyowahi kutiwa katika santuri ndefu. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Vitabu vingi vya ngazi ile niliyoitaja vinaipita bila salamu. Kwa nini? Naamini ni kwa sababu inamtaka msikilizaji atoke Marekani, na ngazi ile haina kipandio cha kutokea nje.

Miaka kumi baadaye Kiswahili kilirudi kwa mlango mwingine. Herbie Hancock na wenzake walichukua majina ya Kiswahili waliyopewa na James Mtume: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, na Eddie Henderson akawa Mganga. Hilo la mwisho si mzaha, kwani Henderson alisomea udaktari na kuufanya kazi. Santuri yao, Mwandishi, ya mwaka 1971, ni ngumu, ya umeme, imejaa mwangwi na nyakati za kungoja. Tusiwacheke kwa matamshi. Watu waliong'olewa majina yao walikuwa wakitafuta majina, wakabisha hodi kwetu.

Nasi tulichukua jina kwao. Dar es Salaam Jazz Band, Western Jazz, Morogoro Jazz, na kule Kongo OK Jazz ya Franco: bendi hizi zilitumia neno jazi kwa maana ya bendi ya dansi yenye magitaa na saksafoni, na mdundo wao ulikuwa na deni kubwa zaidi kwa santuri za Kuba kuliko za New Orleans. Jina lilivuka bahari peke yake, likavikwa nguo za huku. Sioni ubaya.

Jibu langu

Basi, mwanangu uliyeniuliza harusini, sikiliza kwa jozi. Sikiliza Livery Stable Blues pamoja na King Oliver wa 1923, ujue tofauti ya aliyetangulia kwenye santuri na aliyetangulia kwenye muziki. Sikiliza West End Blues pamoja na Siti wa mwaka uleule. Sikiliza Ellington wa 1937 na wa 1956 kwa wimbo mmoja. Msikilize Parker ukikumbuka miaka ya kimya. Kisha Kind of Blue, na usiizime bila kuweka Uhuru Afrika baada yake. Najua utasikiliza kwenye simu, ambako muda hauna mwisho. Lakini simu nayo inakata: mara nyingi haikuonyeshi nani alipiga ngoma, nani alipanga muziki. Jina la Melba Liston litafute mwenyewe.

Na jambo la mwisho, ambalo linatuhusu sote. Katika nyumba nyingi za watu wetu huku ughaibuni kuna kaseti. Miaka ya themanini mama yangu alikuwa akinitumia barua kwa kaseti kutoka Unguja. Moja inakatika katikati ya sentensi kwa sababu ukanda uliisha. Alikuwa ameanza kuimba kitu, na sijapata kujua kilichofuata. Yeye amekwisha tangulia mbele ya haki. Naisikiliza kama ninavyosikiliza zile za Oliver, nikijua kwamba sauti mbovu si yake, na kwamba wimbo ulikuwa mrefu kuliko ukanda.

Zitoeni kaseti zenu kwenye makabati, ndugu zangu, kabla hazijaliwa na unyevu. Andikeni juu yake nani anasema, wapi, na mwaka gani. Bolden hakuandikiwa.

Wasalaam.